Mchungaji, Mialoni, na Swali Ambalo Hakuuliza

Ndugu msikilizaji, zipo hadithi ndefu ambazo husahaulika kabla mtu hajafunga kitabu, na zipo fupi ambazo hukataa kutoka kichwani. Juma hili nataka tuitazame moja ya hizo fupi. Iliandikwa mwaka 1953 na Mfaransa mmoja, Jean Giono, na jina lake kwa lugha yetu ni Mtu Aliyepanda Miti. Ni kurasa chache tu. Mtu huweza kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Hata hivyo imetafsiriwa katika lugha nyingi, imetengenezewa filamu, imesomwa madarasani, na wako watu waliokamata jembe na miche kwa sababu yake. Swali langu la leo ni hili: hadithi hii ina nini hata ipendwe hivyo? Na pili, ni jambo gani ambalo haikutuambia?

Kwa wale ambao hawajaisoma, niruhusuni niisimulie kwa ufupi.

Mwaka 1913 kijana mmoja anatembea kwa miguu katika nyanda za juu za Provence, kusini-mashariki ya Ufaransa, pale milima ya Alps inapoteremka kuelekea bahari ya Mediterania. Nchi ni kame. Hakuna kinachoota isipokuwa lavenda ya mwituni. Vijiji vimekuwa magofu, chemchemi zimekauka, na upepo hauna kinachouzuia. Watu wachache waliobaki ni wachoma mkaa, na maisha yao ni ugomvi mtupu: wanagombania bei ya mkaa, wanagombania hata mahali pa kukaa kanisani. Kijana amemaliza maji yake na kiu imeanza kumtia hofu, ndipo anapomwona kwa mbali mchungaji mmoja na kondoo wake thelathini hivi. Mchungaji anampa maji, kisha anamkaribisha nyumbani kwake alale.

Jina la mchungaji ni Elzéard Bouffier, na umri wake ni miaka 55. Zamani alikuwa na shamba lake bondeni. Mwanawe wa pekee alifariki, kisha mkewe naye akafuata. Basi akapanda mlimani kuishi peke yake na kondoo wake na mbwa wake. Jioni, baada ya chakula, anamwaga mezani mfuko wa mbegu za mwaloni na kuzichambua moja moja. Iliyo ndogo anaitupa, iliyo na ufa anaitupa, mpaka anapata mia moja nzima. Asubuhi anazilowesha, anashika fimbo ya chuma, anatoboa ardhi, anatia mbegu, anafukia, anasogea mbele. Kwa muda wa miaka mitatu amekwisha kupanda mbegu 100,000. Zilizoota ni 20,000. Katika hizo anatazamia kwamba nusu zitaliwa na panya au zitapotea kwa sababu azijuazo Mungu. Itabaki mialoni 10,000 mahali ambapo hapakuwa na hata mmoja.

Mwaka unaofuata vita kuu inaanza, na yule kijana anakwenda kupigana kwa miaka mitano. Anaporudi mwaka 1920 anadhani mzee amekwisha kufa. La hasha! Mzee yu hai, na mialoni ya mwaka 1910 imempita mtu kimo. Kondoo amebaki nao wanne tu, kwa sababu walikuwa wakila miche. Badala yao ameweka mizinga ya nyuki mia moja. Na katika makorongo yaliyokuwa makavu tangu watu wakumbuke, maji yanapita. Mambo hayakwenda vizuri siku zote. Mwaka mmoja mzee alipanda miche zaidi ya 10,000 ya aina fulani ya mti, yote ikafa. Mwaka uliofuata akaiacha aina ile, akajaribu nyingine.

Mwaka 1933 bwana misitu mmoja anafika na kumwonya mzee asiwashe moto nje, asije akauhatarisha msitu huu ulioota wenyewe. Anasema hajapata kuona msitu ukiota wenyewe namna hii. Mwaka 1935 wanakuja wakubwa wa serikali kuutazama. Wanazungumza sana, hawafanyi kitu, isipokuwa jambo moja la maana, nalo ni kuuweka msitu chini ya hifadhi na kupiga marufuku uchomaji wa mkaa. Vita ya pili inakuja, magari yanaendeshwa kwa gesi ya kuni, na watu wanaanza kuikata mialoni. Lakini barabara iko mbali mno, biashara hailipi, wanaacha. Mzee hakujua hata habari hiyo. Alikuwa kilomita thelathini kutoka pale, akipanda.

Msimulizi anamwona mara ya mwisho mwaka 1945. Mzee ana miaka 87. Kijiji kilichokuwa na watu watatu wenye kuchukiana sasa kina watu 28, nyumba mpya, bustani za mboga na vijana waliooana karibuni. Katika eneo zima zaidi ya watu 10,000 wanaishi vizuri kwa sababu ya mtu mmoja ambaye wengi wao hawamjui. Mwaka 1947 Elzéard Bouffier anafariki kwa amani katika nyumba ya wazee ya mji wa Banon.

Hiyo ndiyo hadithi, ndugu msikilizaji. Sasa tuitazame historia yake, maana nayo ni kisa kamili.

Jarida la Marekani, Reader's Digest, lilikuwa na safu iliyowaomba waandishi waeleze habari za mtu ambaye hawakuweza kumsahau maishani mwao. Giono akaombwa, akaandika, akapeleka. Wenye jarida walifurahi, lakini walikuwa na desturi ya kuhakikisha. Wakaulizia huko Banon kama mzee wa jina hilo alipata kufia pale. Hakuna aliyemjua, kwa kuwa mtu huyo hakuwahi kuwapo. Jarida likaikataa kazi hiyo. Giono badala ya kubishana akaitoa bure: atakayetaka kuichapisha na aichapishe. Mwaka 1954 ikatokea kwa Kiingereza katika jarida la Vogue, na kutoka hapo ikatembea yenyewe.

Mwaka 1957 ofisa mmoja wa misitu na maji wa mji wa Digne alimwandikia Giono kumuuliza habari za Bouffier. Giono akamjibu kwa barua iliyo wazi kabisa. Alimwambia kwamba anasikitika kumvunja moyo, lakini mtu huyo ni wa kubuni. Nia yake ilikuwa kuwafanya watu waipende miti, au kwa usahihi zaidi, wapende kuipanda. Akataja lugha zaidi ya kumi ambazo hadithi ilikuwa imekwisha kutafsiriwa, na akasema ni mojawapo ya kazi zake anazojivunia zaidi, ingawa haikumletea hata senti moja.

Tuelewane hapa. Mtu aliyeombwa habari ya kweli akapeleka ya kubuni, hatuwezi kusema alifanya sawa, na jarida lilikuwa na haki ya kukataa. Lakini tazama aliyoyafanya baadaye: hakuiuza, na alipoulizwa hakuficha. Mwongo hudanganya ili apate kitu. Huyu hakupata.

Wasomaji wengi hata hivyo huumia wanapoambiwa kwamba Bouffier hakuishi. Nadhani sababu ni hesabu zake. Laki moja zilizopandwa, elfu ishirini zilizoota, elfu kumi zitakazobaki: hizo si hesabu za hadithi za watoto. Katika hadithi za watoto mbegu moja hutupwa na usiku huohuo mti hufika mbinguni. Giono anamwambia mkulima jambo ambalo mkulima analijua: sehemu kubwa ya unachopanda hakitaota, na katika kilichoota nusu italiwa. Kisha anamwambia la ziada, kwamba hata hivyo inatosha. Hakuna muujiza. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na huyu mzee ana kibaba chake, ana hesabu yake, na ana miaka zaidi ya thelathini ya kukijaza.

Sababu ya pili ya kupendwa kwake ni vita, na hapa yatupasa tumjue mwandishi. Jean Giono alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Manosque, hukohuko Provence. Baba yake alikuwa fundi viatu na mama yake alikuwa dobi. Akiwa kijana mdogo aliacha shule akafanya kazi ya benki ili kuisaidia nyumba. Kisha ikaja vita ya 1914, naye akawa askari wa miguu, akapita Verdun, mahali ambapo mizinga ilisaga watu, miti na udongo vikawa tope moja. Alirudi hai, na tangu hapo akaichukia vita kwa maisha yake yote. Mwaka 1939 alifungwa jela kwa kampeni zake za kupinga vita. Mwaka 1944, Ufaransa ilipokombolewa, akatiwa ndani tena, safari hii akidhaniwa kuwa aliwapendelea Wajerumani waliokuwa wameitawala nchi. Alikaa miezi kadhaa bila kufikishwa mahakamani, na kwa muda vitabu vyake vikafungiwa na waandishi wenzake.

Mtu wa namna hiyo anapoandika juu ya mzee ambaye vita mbili zimempita akiwa anapanda, hasemi juu ya miti tu. Msimulizi wa hadithi anatoka vitani, ambako ameona watu wazima kwa maelfu wakitumia nguvu zao zote kubomoa. Anamkuta mtu mmoja ambaye kwa miaka ileile alitumia nguvu zake kujenga, kwa fimbo ya chuma na mfuko wa mbegu. Mwandishi hakuhitaji kusema zaidi. Msomaji wa mwaka 1954, aliyekuwa bado anahesabu makaburi, alielewa. Na msomaji wa leo, ambaye redio yake haijapata kukosa habari za vita, anaelewa vilevile.

Mwaka 1987 msanii wa Canada, Frédéric Back, akaigeuza hadithi hii kuwa filamu ya michoro ya nusu saa, aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe kwa miaka kadhaa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1988, na ikamfikisha Bouffier kwa watu ambao wasingekutana naye kitabuni.

Basi hiyo ndiyo sifa yake, na anastahili. Lakini mimi ni mtu wa historia, na historia ina maswali yake. Nilipoirudia hadithi hii nilisimama kwenye sentensi moja ambayo wengi huipita haraka. Kijana anamuuliza mchungaji kama ardhi ile anayopanda ni yake. Mchungaji anajibu kwamba si yake. Je, anamjua mwenyewe? Hamjui. Anadhani labda ni ardhi ya kijiji, au ni ya watu wasioijali. Hakutaka kujua. Akaendelea kupanda.

Ndugu msikilizaji, katika sentensi hiyo ndimo yalimojificha mambo yote ambayo hadithi imeyaacha. Maana milima ile ya Provence ilikuwa na historia ya kweli, na katika historia hiyo swali la ardhi ni ya nani liliulizwa kila siku, tena kwa hasira.

Ni kweli kwamba milima ya kusini ya Alps iliharibika. Mwaka 1841 mhandisi Alexandre Surell alitoa kitabu juu ya mito ya ghafla ya Hautes-Alpes. Alieleza kwamba pale msitu ulipokatwa, mvua hushuka mlimani bila kizuizi, hukata makorongo, hubeba mawe na udongo, na kufukia mashamba ya bondeni. Mwaka 1856 mafuriko makubwa yakaikumba Ufaransa, na serikali ya Napoleon wa Tatu ikaamua kuchukua hatua. Mwaka 1860 ikatungwa sheria ya kurudisha misitu milimani. Serikali ikapewa uwezo wa kuamuru eneo fulani lipandwe miti, wenyeji wapende wasipende.

Wenyeji hawakupenda. Malisho ya mlimani yalikuwa ndiyo benki ya mtu maskini. Asiye na shamba alikuwa walau na kondoo wachache na haki ya kuwachunga katika ardhi ya kijiji. Leo anaamka anaambiwa malisho yamefungwa, yamekuwa kitalu, na kondoo akionekana humo ni faini. Watu waligoma, wakang'oa miche, mahali pengine ikabidi askari waletwe. Upinzani ulikuwa mkubwa hata mwaka 1864 serikali ikatunga sheria nyingine iliyoruhusu kuotesha majani badala ya miti, ili malisho yasipotee yote. Mwaka 1882 ikaja sheria ya tatu, ambayo serikali ilitakiwa kuinunua ardhi yenyewe kabla ya kuifanyia kazi. Ilichukua miaka 22 kwa wakubwa wa Paris kukubali kwamba mlima una wenyewe.

Kazi iliyofuata ilikuwa kubwa kweli. Vibarua walijenga kuta za mawe kukatiza makorongo ili kupunguza kasi ya maji, wakapanda misonobari kwa wingi, mwaka baada ya mwaka. Misitu mingi anayoiona mtalii huko leo ilitoka katika mikono hiyo, wala si katika mikono ya mchungaji mmoja mpweke. Majina ya vibarua hao hayamo katika hadithi yoyote.

Kuna jambo jingine. Tangu katikati ya karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, jimbo la Basses-Alpes, ambalo ndilo la Giono, lilipoteza karibu nusu ya watu wake. Walishuka mijini, walikwenda viwandani, walikufa vitani. Mashamba na malisho waliyoyaacha yakamezwa na vichaka, vichaka vikawa msitu. Katika hadithi ya Giono msitu unarudi, kisha watu wanaufuata. Katika historia, mara nyingi ilikuwa kinyume: watu waliondoka, ndipo msitu ukarudi. Hadithi inatupa furaha mbili kwa pamoja, msitu na kijiji kilichojaa watoto. Historia iliwauzia watu wa mlimani furaha moja kwa bei ya nyingine.

Sasa tazama ujanja wa Giono, maana alikuwa mtoto wa nchi ile na mambo haya aliyajua. Kwa karibu miaka mia mchungaji ndiye aliyekuwa mshitakiwa. Mabwana misitu waliandika katika taarifa zao kwamba kondoo wa mchungaji ndio adui wa mlima. Giono akamchukua mshitakiwa huyohuyo akamfanya yeye ndiye mpanda miti. Na bwana misitu, mwenye sare na amri, akamfanya yule asiyetambua kazi ya mkono wa mtu hata ikiwa mbele ya macho yake. Hakuwageuza wote kuwa wajinga. Yumo ofisa mmoja mwema anayeambiwa siri na kuitunza. Hata kondoo hakuwatetea; mzee mwenyewe aliwapunguza kwa hiari yake alipoona wanaharibu miche. Kwa hiari yake! Neno hilo ndilo lililokosekana katika sheria ya mwaka 1860. Nadhani hapo ndipo penye moyo wa hadithi hii: mtu wa mlimani anaurudisha mlima wake, bila kuamriwa, bila kupigwa faini.

Lakini ili jambo hilo liwezekane, Giono ilimbidi aondoe watu wengine wote. Hakuna jirani anayesema pale ni pangu. Hakuna mwenye mbuzi. Hakuna diwani wala mnunuzi wa viwanja. Mzee ana mlima mzima kwa ajili yake, na hata shoka la vita linapofika linashindwa kwa sababu barabara iko mbali. Ni bahati ambayo wapanda miti wa kweli hawajaipata.

Mtazame Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso. Katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Gourga karibu na mji wa Ouahigouya, mkulima huyu alichimba vishimo katika ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu, akatia samadi humo, akangoja mvua. Ilikuwa njia ya wazee wake aliyoiboresha. Mtama ukaota, na pamoja na mtama ikaota miti, naye akaiacha ikue mpaka ukawa msitu. Unaweza kusema huyu ndiye Bouffier aliyeishi kweli. Lakini majirani walimwona mwenda wazimu, na msitu wake ulichomwa moto. Baadaye mji ulipopanuka, ardhi yake ikapimwa viwanja, na mtu aliyeuotesha msitu akajikuta hana hati ya kuumiliki. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood, na alifariki Desemba 2023. Dunia ilimheshimu sana. Vipimo vya wapima ardhi havikujua habari za heshima hiyo.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki hadithi ya Giono ina ndugu wa karibu. Toleo la Marekani la mwaka 2005, la kuadhimisha miaka 20 ya chapa ile, lilitanguliwa na dibaji ya Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Waliomchagua walijua wanachokifanya, maana ni nani mwingine angestahili? Lakini ukiziweka habari zake kando ya habari za Bouffier, utaona tofauti inayofundisha.

Bouffier alikuwa peke yake. Wangari alianza mwaka 1977 kwa miti saba tu jijini Nairobi, na kazi ikakua kwa sababu ya akina mama wa vijijini, waliootesha miche katika vitalu vyao wenyewe na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Wataalamu walisema kupanda miti ni kazi ya waliosomea. Akina mama wakajibu kwa kupanda. Ilipofika mwaka 2004 miti ilikuwa zaidi ya milioni 30. Bouffier hakujua ardhi ni ya nani wala hakujali. Wangari alijua kabisa ni ya nani, na alilisema kwa sauti. Mwaka 1989 alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, na jengo halikujengwa. Januari 1999 alikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa watu binafsi, na akapigwa hata kutoka damu kichwani. Fikiri jambo hilo: mama mwenye mche mkononi anapigwa kwa sababu ya mche. Waliompiga walielewa kitu ambacho msomaji wa Giono huweza kukisahau. Kuupanda mti mahali fulani ni kusema kwamba mahali pale pana mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni umma. Msitu wa Karura upo hadi leo.

Je, basi tuseme hadithi ya Giono imetudanganya? Sisemi hivyo. Nilitaja barua yake ya mwaka 1957, na nimeibakiza sehemu yake moja makusudi. Baada ya kukiri kwamba Bouffier ni wa kubuni, Giono alimwomba yule ofisa wa misitu wakutane, wazungumze namna hadithi hii inavyoweza kutumika kwa vitendo. Akaongeza kwamba anaona wakati umefika wa kuwa na siasa ya miti, ijapokuwa, alisema, neno siasa halielekei kufaa hapo.

Neno linafaa, ndugu msikilizaji. Giono mwenyewe alijua kwamba mzee wake anaweza kumfikisha msomaji mpaka kwenye shimo la kupandia, lakini hawezi kumwambia nani atamruhusu kuchimba, nani atawazuia mbuzi, na miaka 20 baadaye nani atapewa hati. Hayo hayapatikani katika kurasa chache za hadithi. Hupatikana katika mkutano wa kijiji, katika baraza la ardhi, katika kitabu cha sheria, na mara nyingine mahakamani. Watu wengi hupenda hadithi hii hasa kwa sababu haina mkutano hata mmoja. Nami nawaelewa, mikutano inachosha. Lakini msitu uliopandwa bila mkutano aghalabu hukatwa baada ya mkutano, na mkutano huo mpandaji hualikwi.

Kwa hiyo mtu akitaka kuisoma hadithi hii, na aisome. Mwalimu awasomee watoto darasani, kwa kuwa watajifunza humo kuchambua mbegu mia moja kabla ya kulala, kuvumilia elfu kumi zilizokufa, na kufanya kazi ambayo kivuli chake watakikalia wengine. Hayo ni mafunzo makubwa, na sijui kitabu kingine kinachoyatoa kwa kurasa chache namna hiyo. Ila akimaliza, awaulize swali ambalo mzee Bouffier hakuliuliza: ardhi ile ilikuwa ya nani? Kisha watoke nje pamoja, wautazame mlima au uwanja ulio karibu na shule yao, walijibu hilo kwanza, ndipo wachukue jembe.

Panapo majaliwa, tukutane tena juma lijalo.